Nyumba ya Mayu Nyanjige Imenyamaza

Shangazi Eufrasia, shikamoo. Ninasoma safu yako tangu nikiwa chuoni, nimecheka matatizo ya wenzangu mpaka nikaona aibu, na leo zamu imenifikia mimi, nakuomba unisome mpaka mwisho hata nikizunguka, maana jambo lenyewe ukilisema kwa kifupi linafanana na upuuzi: nimeitengeneza nyumba niliyopanga, na kwa kuitengeneza nimemuumiza mwenye nyumba.

Mimi kwetu ni Rombo, nilihamishiwa Bariadi mkoa huu wa Simiyu ukiwa bado mchanga, kazi yangu ni ya ushirika, nazunguka kwenye vyama vya wakulima wa pamba, na siku ile nafika nilikuwa na begi moja na binti yangu Anyes mgongoni, hajaanza hata kutambaa, sina ndugu wala jirani, vumbi limenijaa mpaka masikioni, nikapelekwa na mhudumu wa ofisini kwa mjane mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, naye hakuniuliza kabila wala dini wala mume wangu yuko wapi, alimpokea mtoto, akanionyesha vyumba viwili vya mbele, akarudi na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga, akaniambia, "Kula kwanza, ng'wanone, kulia utalia ukishashiba." Huyo ndiye Mayu Nyanjige. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ng'wanone ni mwanangu, na miaka yote hii hatujawahi kuitana vingine.

Nyumba aliijenga marehemu mumewe, Mzee Malimi, kwa pamba ya msimu mmoja mzuri ambao wazee wa hapa hawachoki kuusimulia, lakini nilipoikuta mimi ilikuwa imeshachoka. Geti la uani lilikuwa la bati, bawaba zimeshuka, ukilisukuma linakwaruza sementi mpaka meno yanasisimka, koki ya uani ilikuwa inadondosha maji kutwa kucha kwenye karai, kwenye kibaraza karibu na ngazi kulikuwa na nundu ya sementi ambayo fundi wa kwanza aliisahau ikagandia pale pale, na kwenye korido kulikuwa na ufa mrefu ukutani, umetoka sebuleni ukaenda mpaka mlangoni kwa Mayu, na kwenye huo ufa kulikuwa na mstari mweusi wa uchafu wa mikono ambao nilikuwa nikimgombeza Anyes kwa ajili yake, mtoto analia anasema siyo yeye, mimi nasema kwani ni nani mwingine, ukuta unajipaka wenyewe? Kila nilipomwambia Mayu nitafute fundi alicheka tu, akasema, "Acha, ng'wanone. Nyumba hii imenizoea."

Shangazi, nikwambie jinsi tulivyokuwa tunaishi, maana ndiko moyo wangu unakorudi kila siku. Nikitoka vijijini jioni nimechoka, nasukuma geti, likwaruze, na kabla sijalirudisha namsikia Mayu kutoka jikoni akinisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, ng'wanone! Huko Mwamapalala mvua imenyesha?" Kwetu mdogo ndiye anayeanza kutoa shikamoo, na nadhani kwao pia, lakini Mayu sikuwahi kumtangulia hata mara moja, alikuwa anajua ni mimi na siyo Anyes wala muuza maziwa, na nilikuwa najivunia, nikiwaambia wenzangu ofisini kwamba mama yangu wa Kisukuma ananijua mpaka hatua zangu. Jumapili tunachambua mboga kibarazani, maji yanadondoka kwenye karai, bati la jikoni linagonga upepo ukija, yeye anasimulia walivyokuwa wanakwenda mnadani kwa miguu na ng'ombe wa baba yake, anawataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi, Anyes amelala mapajani kwake, na mimi nilikuwa naona kwamba hapa ni nyumbani, kwa sababu kwetu Rombo kaka yangu alibomoa nyumba ya baba akajenga ya kisasa, vigae kila mahali, na siku nilipokwenda kuiona sikujua nikae wapi, nilisimama katikati ya sebule kama mgeni wa msiba.

Sasa Mayu ana watoto wawili, Luhende yuko Lamadi anafanya biashara ya samaki, na Minza yuko Uholanzi, huko anafanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka jana Minza alikuja likizo fupi, akakuta mama yake anapika, anafagia, anatembea bila kuyumba, akaridhika, ila nyumba ilimtia aibu, na aliporudi huko akaanza kunitumia sauti kwenye simu. Ninayo mpaka leo ile ya kwanza. "Da Sia, mambo vipi? Sikia dada yangu, huku Uholanzi matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji mwenyewe, ni sheria kabisa. Balbu, raba ya koki, kutia bawaba mafuta, kuziba matundu ukutani, rangi ya ndani, hayo yote mpangaji. Mwenye nyumba yeye ni paa, msingi, mambo mazito. Huko kwetu mpangaji anakaa anasubiri hata kitasa aletewe. Mama amezeeka jamani, usimwachie." Shangazi, nilijisikia vibaya, kwa sababu ni kweli, mtu amenilelea mtoto na mimi hata koki nimeshindwa kuifunga, nikamjibu Minza kwamba yuko sawa, niachie.

Basi Mayu alipokwenda Mwamapalala kwenye msiba wa kaka yake, nikaona ndiyo nafasi, nikataka iwe zawadi, arudi akute nyumba inang'aa. Nikamwita fundi Bujiku, akachomelea bawaba za geti upya likawa linasukumwa kwa kidole, koki akabadilisha raba, ile nundu ya kibarazani akaivunja na kupiga sementi laini, kwenye swichi ya jikoni kulikuwa na waya umechunika akaubadilisha, na ukuta wa korido akaziba ufa, akapiga msasa, tukapaka rangi nyeupe ya kupangusika. Bujiku alisimama uani akasema, "Dada, hii sasa imekuwa nyumba ya mkurugenzi!" Nikapiga picha, nikamtumia Minza, akaniletea mioyo mingi.

Luhende ndiye aliyemrudisha Mayu. Mayu alilisukuma geti kwa nguvu zake zile zile za siku zote, likaruka, naye akaenda nalo nusura aanguke. Akasimama. Kwenye korido akaweka kiganja ukutani, akaupapasa ukuta muda mrefu huku mimi nimesimama natabasamu, najua anafurahia ulaini wa rangi, kisha akanishukuru taratibu, "Wabeja, ng'wanone. Umefanya kazi," akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Tangu siku hiyo Mayu hakunisalimia. Naingia jioni, yuko kibarazani, uso umeelekea kwangu kabisa, kimya, nami nikasema moyoni kumbe amekasirika, labda anaona nimejitia mwenye nyumba, nami nikanuna, nikawa napita kimya kwenda chumbani, tukaishi hivyo wiki nyingi kwenye ua mmoja, watu tuliokuwa tunakula sahani moja. Kisha akaanguka pale kwenye ngazi, akaumia nyonga, siyo sana, lakini Luhende akaja akasema mama amezeeka, hawezi tena kukaa peke yake, mwisho wa mwezi atampeleka Lamadi kwenye chumba kilicho nyuma ya nyumba yake, karibu na barabara kuu, na nyumba wataangalia la kufanya.

Siku mbili baadaye nilirudi mapema. Niliingia, geti halikutoa sauti, nikamwona Mayu ana ndoo, anatembea mkono mmoja umetangulia mbele, akaipita koki, akaenda mpaka ukuta wa choo, akaupapasa, akageuka, akaipita tena. Nilisimama pale pale, Shangazi. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, Mayu. Sia."

"Umeingia saa ngapi? Siku hizi mnaingia kama wezi."

Nikaichukua ile ndoo nikaiweka chini, nikamshika mkono, nikamuuliza, Mayu, hunioni? Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananieleza habari za jirani, "Macho yalianza kuniaga zamani, ng'wanone. Madaktari walisema presha ya macho, iliyokwenda hairudi. Sasa naona mwanga tu wa mlangoni. Lakini nyumba nilikuwa naijua. Geti linaniambia nani kaja, koki inaniambia maji yako wapi, ile nundu inaniambia ngazi hiyo hapo, na ule ufa ulikuwa unanishika mkono mpaka kitandani. Sasa umenyamazisha kila kitu, najikuta kwenye nyumba ya watu." Nililia mpaka akaanza kunibembeleza yeye. Kisha akanikamata mkono kwa nguvu akasema, "Usimwambie Minza. Wala Luhende. Wakijua sioni wataiuza hii nyumba kesho, nami sina pengine ninapopajua."

Sasa Shangazi, ndiyo maana nakuandikia. Nimchukue Bujiku tena abomoe alichokitengeneza, watu wanione mwendawazimu, na Minza nimwambie nini wakati picha anazo? Au nikae kimya kwa sababu nimeahidi, mwisho wa mwezi ufike, nimwone akipandishwa gari kwenda kukaa kwenye chumba asichokijua hata dirisha liko wapi, na mimi nikijua kwamba bila ile zawadi yangu angekuwa bado anatembea humu ndani kama binti? Nikiwaambia watoto wake ninamsaliti, nisipowaambia naogopa ataanguka tena na safari hii asiinuke. Mimi ni mpangaji tu, hata sijui kama haya yananihusu. Nilijua ni wajibu wangu kutengeneza, lakini sijui nifanye nini ili nimrudishie nyumba yake. Naitamani ile kelele, Shangazi. Naamka asubuhi nasikiliza koki, hakuna kitu, na kwenye korido nyeupe ile naona haya kupita.

Sia, Bariadi

Sia mwanangu, marahaba.

Nimekusoma mpaka mwisho, na nimekusoma mara ya pili nikiwa nimevua miwani, maana ilikuwa hainisaidii tena. Wewe si mtu mbaya. Lakini usitulie bado, nina ya kukuambia.

Tuanze na sheria, maana ndipo ulipojificha. Nimewauliza watu wanaoishi huko Uholanzi, wakaniambia Minza hakudanganya: balbu, raba, bawaba, vitasa, rangi ya ndani, vitu vyepesi visivyo na gharama, mpangaji hujitengenezea, na mambo mazito ni ya mwenye nyumba. Ni utaratibu mzuri, na ungewafaa wapangaji wengi wa hapa ninaowajua, wanaokaa gizani wiki nzima wakimsubiri mwenye nyumba alete balbu. Ila Minza aliishia nusu ya maneno. Huko huko Uholanzi, mpangaji akitaka kubadilisha kitu ambacho hawezi kukirudisha kirahisi kilivyokuwa, anamwomba kwanza mwenye nyumba. Na kwetu hapa, ambapo wengi wetu tunapangishana kwa maneno ya mdomo tu, kuomba huko ndiyo heshima yote tuliyonayo. Raba ya koki haikuhitaji kikao, sawa. Lakini kuvunja sementi na kupaka rangi ukuta wa korido, ulio nje ya vyumba vyako, ilikuwa kazi ya kuuliza, na wa kuulizwa hakuwa Minza.

Hili ndilo lililoniudhi. Katika barua yako yote, watu wawili wazima wanajadili nyumba ya mama, mmoja yuko Uholanzi na mwingine yuko chumba cha mbele, mnatumiana sauti na picha na mioyo, na mwenyewe hayumo. Kila mara ulipomwambia habari za fundi alikukataza. Ulichukulia ni maneno ya mzee, ukasubiri aende msibani. Zawadi inayosubiri mtu aondoke kwanza, mwanangu, ujue ina kasoro.

Tena ukanuna! Hapo nilisimama nikatembea kidogo chumbani. Mama wa watu anakaa kibarazani hajui kama umeingia, na wewe mdogo unapita kimya unasubiri mkubwa akusalimie, kisa umezoea kuwahiwa? Wachaga mmeanza lini mambo hayo? Neno moja tu la shikamoo siku ile ya kwanza lingemwambia uko wapi, lingefungua mazungumzo, na huenda hata kwenye ngazi asingeanguka. Na Anyes umemwomba msamaha? Miaka yote mtoto anakuambia mikono ile siyo yake. Mwombe leo, kabla hajalala, na umweleze ilikuwa mikono ya nani.

Nimemaliza kugomba. Nami nimepanga, usinione hivi. Nilipokuwa msichana nilipanga Malampaka, karibu na stesheni, chumba ambacho treni ya Mwanza ikipita vikombe vinacheza mezani na dirisha linatetemeka mpaka unadhani linatoka. Nililichukia lile dirisha. Leo nakaa kwenye nyumba ya vioo vya kuteleza, hakuna kinachotikisika, na kuna siku naketi nikikitamani kile chumba mpaka kifua kinauma. Kwa hiyo unaposema unaitamani kelele ya koki nakuelewa, wala sikucheki. Ila angalia jambo moja: wewe unazikumbuka sauti zile kwa utamu, mwenzako alikuwa anatembea kwa sauti zile. Usije ukazirudisha kwa ajili ya moyo wako ukadhani umemaliza. Anza na miguu yake.

Fanya hivi. Usimwite Bujiku kwanza. Mshike Mayu mkono, mzunguke naye nyumba nzima taratibu, kutoka geti mpaka kitandani kwake, na kila mahali akisimama muulize anataka kusikia nini au kushika nini. Yeye ndiye atakayesema. Kwenye korido usipasue ukuta, funga kamba ya katani kwa misumari pale pale mkono wake unapofika, kwa urefu wake siyo wako. Kwenye kibaraza Bujiku apige tena ukingo wa sementi kabla ya ngazi, mguu uutambue, na pembeni aweke bomba la kushikilia. Geti likikataa kukwaruza, lifungieni njuga ya ng'ombe, na kwa Wasukuma wenu hapo Bariadi njuga haitakosekana. Koki ilegezwe idondoke akitaka, na karai liwepo, maji yake mtamwagilia mchicha. Lakini ule waya wa jikoni, Sia, hata akikubembeleza kwa machozi, usirudi. Siyo kila ubovu ulikuwa rafiki yake, na hilo mwambie.

Na usiwe mtu wa kupita kimya kwenye ule ua tena. Ukiingia, sema ni nani, sema unatoka wapi, sema ndoo umeiweka wapi. Kitu usikihamishe hata kiti bila kumwambia. Hayo ndiyo matengenezo madogo ya mpangaji kwenye nyumba hiyo, na hayahitaji fundi.

Sasa siri. Uliahidi, na sipendi watu wanaovunja ahadi kwa kisingizio cha wema. Usimpigie Minza simu kisirisiri. Lakini pia huwezi kuinyamazia, na nitakupa sababu ambayo Mayu mwenyewe hataikataa. Presha ya macho mara nyingi hutembea kwenye damu. Inaweza kuwa imeshaanza kwa Luhende na Minza sasa hivi na wasijue, maana mwanzoni haiumi wala haitoi dalili, na ikiwahiwa dawa huizuia. Kila siku Mayu anapowaficha ili asipoteze nyumba, huenda watoto wake wanapoteza macho. Mwambie hivyo, kwa upole lakini bila kumumunya maneno. Kwa ajili yake mwenyewe anaweza kunyamaza mpaka kaburini. Kwa ajili ya wanawe sidhani. Naye mwenyewe umrudishe hospitali, huo mwanga wa mlangoni aliobakiwa nao una thamani, usiachwe uondoke kwa uzembe.

Akikubali, aseme yeye. Siyo wewe. Mpigie Minza simu, iweke sauti kubwa, mpe Mayu aishike, ukae karibu yake ufunge mdomo. Luhende naye aitwe kabla ya mwisho wa mwezi kufika, aje Bariadi, na kabla hajasema neno lolote la Lamadi, mama yake amtembeze nyumba hiyo mwenyewe, akiwa na kamba yake na njuga yake, mpaka kwenye koki, achote maji, arudi. Luhende siyo mtu mbaya, ameogopa. Ameona mama kaanguka akadhani ni uzee. Akimwona anavyotembea ataelewa kwamba chumba kile cha Lamadi, chenye malori nje na kuta asizozijua, ndicho kitakachomfanya mama yake kipofu. Minza yeye anatunza wazee wa watu kila siku. Atalia, atajilaumu kwa kutokuona, mwache alie, kisha mwulize vitu gani wanawawekea wasioona huko kazini kwake. Atakuwa na mengi ya kuwafundisha kuliko mimi.

Unauliza kama yanakuhusu, na wewe ni mpangaji tu. Mtu aliyempokea mwanao mikononi kabla hajajua jina lako, unaniuliza mimi kama anakuhusu? Lakini kumbuka mipaka. Kama Mayu, baada ya yote hayo, atasema kwa kinywa chake kwamba amechoka na anataka kwenda kwa mwanawe, utamfungia mizigo na utamsindikiza. Umeshamwamulia mara moja, inatosha.

Na akibaki, Minza ataona picha mpya. Ataona kamba ukutani, njuga getini, sementi imevimba tena kibarazani, naye kwa mazoea atakutumia sauti akuulize ni nani aliyeruhusu nyumba irudi hivyo. Usijitetee, wala usimtajie jina langu. Mjibu kwamba ni mwenye nyumba, yupo hapa, kisha mpe Mayu simu.

Shangazi Eufrasia